Taa za Wiki ya Ukaguzi

Wapendwa, leo naomba tuliweke lile somo pembeni kwa dakika chache, tuongee habari za magari. Msishangae. Nilipokuwa naingia asubuhi nimeona mlivyoyapanga hapo nje, na nimeona pia taa mlizofunga. Basi sikilizeni.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa viazi, huku huku kwenye milima yetu hii ya ukungu. Alikuwa na pikapu ya zamani, ekzosi imetoboka. Akiiwasha tu, mtaa mzima unajua ameondoka. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, alishuka na mzigo kwenda sokoni. Na ninyi mnaujua ukungu wa saa hiyo. Taa za gari lile zilikuwa za njano, zimechoka, zinamulika hatua chache tu. Asubuhi moja alishtukia mama mjamzito yuko mbele ya bampa, amebeba kikapu cha mboga kichwani. Akafunga breki. Gari likasimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa yule mama. Siku ile hakuuza vizuri, alikosea chenji mpaka mchana.

Akaenda kwa fundi umeme wa magari, akamwambia, "Nataka zile glopu nyeupe, zile kali kuliko zote. Nimechoka kuendesha kwa kubahatisha."

Yule fundi alikuwa mkweli, na wakweli katika kazi ile si wengi, mafundi mtanisamehe. Akamjibu, "Mzee, ukitaka nitakuwekea, hela ni yako. Lakini nyumba ya taa hii ilitengenezwa kwa glopu ya zamani. Ukiingiza hii nyeupe, mwanga hautulii barabarani, unapanda juu. Hata ukipiga dimu kuzishusha, wewe utaona vizuri, ila anayekuja mbele yako haoni kitu. Na kisheria haziruhusiwi kwenye gari hili. Tusafishe vioo, tuweke glopu mpya za aina ileile, halafu tuzielekeze chini vizuri. Zitakutosha."

"Wewe weka," akasema mfanyabiashara. "Mimi ndiye ninayeendesha."

Sasa msimhukumu mapema. Sababu yake ilikuwa nzuri. Alitaka asiue mtu. Mimi ningekuwa yeye, pengine ningefanya vilevile, na hilo ndilo linaloninyima raha kila nikimfikiria. Kesho yake akaingia barabarani, akaona kila shimo, kila jiwe, mpaka umande kwenye majani. Akashuka mlima anapiga mluzi.

Lakini huyu bwana alikuwa na jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake, mpeleka maziwa kwa pikipiki. Wakati mwenzake anashuka na viazi, yeye alikuwa anapanda na madumu mawili kwenda kituo cha kukusanyia maziwa. Walipishana kila siku kwenye kona moja nyembamba, ambapo upande wa anayepanda kuna korongo. Zamani walikuwa wakipigiana honi za salamu. Tangu zije taa mpya, mpeleka maziwa akisikia tu ule mlio wa ekzosi huko juu, alisimamisha pikipiki kabla ya kona, akashusha miguu, akageuza uso mpaka pikapu ipite. Alifanya hivyo wiki mbili. Halafu akaenda kumwona mwenzake nyumbani.

"Jirani," akamwambia, "nina ombi. Zile taa zako zinaniumiza. Ukishapita, nakaa muda sioni barabara. Na lile korongo naliogopa."

"Pole sana, jirani. Nitaliangalia."

Nitaliangalia. Mnalijua hilo neno? Mimi nalijua sana, nimeshawapa wazee wa kanisa mara nyingi, na wao wamenipa mimi. Wiki ikapita, taa ni zilezile.

Ndipo ikaja wiki ya ukaguzi wa magari. Trafiki wamekaa njia panda tangu alfajiri, kila gari linasimama, linapigwa tochi kila upande. Mfanyabiashara wetu alirudi kwa fundi mbio. Zile nyeupe zikatolewa, zikarudishwa za njano. Zile nyeupe akazifunga kwenye kitambaa, akazisukuma chini ya kiti. Unaona jinsi ilivyokuwa rahisi? Kazi ya nusu saa. Jirani aliomba, hakukuwa na nafasi. Trafiki hata hajaomba, nafasi imepatikana.

Alhamisi ya wiki ile, jioni, mpeleka maziwa akabisha hodi. Amekuja na chupa ya maziwa, lita mbili.

"Jirani, nimekuja kukushukuru," akasema. "Nilijua utanisikia. Siku hizi nikisikia mlio wako wala sisimami, napita zangu."

Hapa naomba mnisaidie. Alitakiwa ajibu nini? Maneno yenyewe ni matano tu: ni kwa sababu ya ukaguzi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyatamka. Lakini chupa ilikuwa imeshafika mkononi, na yule mtu anamtazama kwa upendo kabisa, na ni vigumu, jamani, ni vigumu sana kumrudishia mtu shukrani yake.

"Usijali, jirani," akasema. "Sisi ni ndugu."

Mke wake alikuwa anasikia yote kutoka jikoni. Aliusubiri mlango ufungwe, akauliza, "Umemwambia kwamba utazirudisha?"

"Nitamwambia. Ngoja kwanza ukaguzi upite."

Wakayachemsha yale maziwa, wakanywea chai.

Jumapili alikuwa amekusudia kabisa kumwambia baada ya ibada. Alipotoka nje akamkuta mpeleka maziwa amesimama na wenzake, anawaeleza, "Huyu ndiye jirani. Unamwambia kitu kimoja, anakifanyia kazi." Wakamgeukia, wakampa mkono. Akaona si mahali pake. Jumatatu, ukaguzi umepita, stika mpya imebandikwa kwenye kioo, zile glopu nyeupe zikatoka chini ya kiti.

Jumanne alfajiri akaingia ile kona.

Aliona vizuri sana, wapendwa. Glopu zilifanya kazi yake. Alimwona jirani yake katikati ya mwanga ule, hajasimama, hajageuza uso. Aliona mkono unapanda kuziba macho. Aliona pikipiki inalala upande, na madumu yanatangulia, na mtu anafuata. Ilichukua muda mfupi kuliko huu nilioutumia kusimulia.

Alisimamisha gari, akashuka kwenye lile korongo kwa mikono na magoti akimwita. Akamkuta ni mzima lakini mguu mmoja hautazamiki. Alitupa magunia ya viazi barabarani ili apate nafasi, akamlaza nyuma, akamkimbiza hospitali. Mguu ule ulikatwa siku ileile.

Kesho yake akaenda kumtazama. Alikuwa ameamua, na ninaamini alikuwa ameamua kweli, kwamba akifika tu atasema. Akavuta kiti. Kabla hajafungua mdomo, mgonjwa akamshika mkono.

"Asante, jirani," akasema. "Wameniambia ni wewe uliyenileta. Usingetokea, ningeishia kule chini."

Mfanyabiashara akamwekea mto vizuri.

"Unajua kwa nini sikusimama? Nilisikia mlio wako, nikajua ni wewe. Nikasema huyu hana shida, huyu alishabadilisha taa. Kumbe kuna gari lilikuwa limekutangulia, lina taa kama zile zako za mwanzo. Wewe hukuliona?"

Yule bwana akaangalia chini, akaangalia pale shuka lilipolala tambarare mahali ambapo ungetegemea kuona mguu.

"Sikuliona, jirani," akasema.

Na hakudanganya, maana halikuwepo.

Ndugu zangu, wenye magari nitawaomba kesho mpite kwa fundi, na hilo nalisema kwa uzito wake. Lakini taa zile peke yake zisingemwangusha yule mtu. Alikuwa ameshazizoea. Alijua kusimama, alijua kugeuza uso. Kilichomwangusha ni kuamini kwamba amependwa, kumbe mwenzake alikuwa anaogopa trafiki.

Sisi tunaishi hivi. Askofu akija kututembelea, tunapatana wiki nzima. Wageni wakilala nyumbani, sauti zetu zinashuka, mkono haunyanyuki, tunasema tafadhali mpaka tunajishangaa. Na kuna mtu ndani ya nyumba anatutazama na kufurahi, anadhani ni kwa ajili yake. Mke anaanza tena kusema anachofikiri. Yule mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango akisikia tunaingia, anaona siku tano zimepita kwa amani, anaacha kujificha. Anakuja mbio, anatukumbatia miguu. Nasi tunampapasa kichwa, tunaipokea furaha yake, huku tukijua wageni wanaondoka Jumamosi.

Mimi nasikitika sana ninaposema haya, kwa sababu nimeshapokea shukrani za namna hiyo, na sikuzirudisha. Wengine waliozitoa hawapo tena, siwezi kuwafuata.

Lakini wa kwenu wapo, wanawasubiri na chakula. Tukifika nyumbani leo, kabla ya kunawa mikono, tumwite huyo mtoto. Tumwambie: baba alikuwa mpole kwa sababu ya wageni, haikuwa kwa sababu yako, na baba anaona aibu, na anataka kuanza upya. Itatuuma kusema. Bora ituume leo, mtoto akiwa bado mzima.