Shamba Lililoachiwa Funza

Hapo zamani, ile zamani ambayo waliozikwa bado wana ndugu wa kuwalilia, kulikuwa na kijiji kikavu kiitwacho Chinyika. Mvua ilinyesha kwa kubahatisha, na watu walikula mtama. Sasa mtama una adui yake, naye ni funza. Anaingia katikati ya majani machanga, anashuka ndani ya bua, anakula moyo wa mmea, na mwenye shamba anakuja kushtuka bua limeshabaki tupu.

Chinyika walikuwa na dawa. Marehemu mama yake Ndahani, mkulima wa hapo kijijini, aliwafundisha: twanga majani ya mwarobaini, changanya na jivu, tia kidogo kwa ncha za vidole katikati ya kila mche. Wengine waliamini, wengine walicheka.

Ndipo akaja mtafiti kutoka mjini, Eliamani, kijana mpole mwenye daftari. Akasema, "Wazee wangu, nyinyi mna dawa, mimi nina kipimo. Tushirikiane. Dawa ikifaulu hapa, vijiji vyote vya ukanda huu mkavu vitapona." Wakapiga makofi. Hata mimi ningepiga.

Lakini kipimo kilikuwa na sharti lake. Mashamba tisa yatiwe dawa, shamba la kumi lisitiwe, liachiwe funza, ili tofauti ionekane. Shamba la nani? Wakapiga kura. Kura ikamwangukia Sechelela, mjane mwenye binti wa miaka minne na ghala lisilo na kitu.

Watu wakanong'ona kwamba kura irudiwe. Eliamani akakataa. "Kura ni kura. Nikianza kuchagua, kipimo kimekufa."

Chiwanga, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, akasimama. "Sechelela mwanangu, usiogope. Shamba lako litaliwa kwa ajili yetu, nasi tutakulisha. Kila Jumapili nitaleta kapu la mtama mlangoni kwako mpaka mavuno. Nikisema nimesema."

"Nitaliacha, baba," akajibu Sechelela. "Ila msinisahau."

Jumapili ya kwanza kapu likaja. Jumapili ya pili kapu likaja. Jumapili ya tatu kapu halikuja. Jumapili ya nne kapu halikuja. Jumapili ya tano Sechelela alipika mlenda bila ugali, mtoto akaunywa, akalala, akaamka analia.

Ndahani alikuwa shemeji yake Sechelela, mdogo wa marehemu mumewe. Alipita hapo akamkuta mtoto anatafuna bua bichi. Siku ambayo kijiji kizima kilikwenda msibani kijiji cha jirani, alichukua dawa ya mama yake, akaingia shamba la Sechelela, akatia mche kwa mche mpaka jua likamchoma shingo.

Kesho yake Sechelela aliona jivu kwenye majani. Alijua ni jivu la nini, na alijua ni mkono wa nani. Akachukua upande wa kanga, akalipangusa lile la juu lisionekane, la ndani akaliacha.

Mtama ulipochanua, Eliamani akarudi. Akapasua mabua, akahesabu. Mashamba tisa, funza wachache. Shamba la kumi, funza wachache. Akahesabu tena. Akafunga daftari, uso umemshuka. "Wazee wangu, yametoka sawa. Mwaka ulikuwa mzuri tu, basi. Dawa haina kazi."

Ndahani alikuwepo, kimya. Sechelela alikuwepo, kimya.

Wakavuna, na Sechelela akavuna kama wenzake. Na kama dawa haina kazi, mwarobaini una kazi gani? Wakaikata miti yote, safu nzima aliyoipanda mama yake Ndahani, wakachoma mkaa. Mashoka yalipokuwa yanalia, Ndahani alijifungia ndani akaziba masikio. Hapa ndipo ninapomkasirikia, sifichi.

Mwaka uliofuata funza walikuja kwa wingi usiosemeka. Wakala shamba la kwanza. Wakala la pili. Wakala yote kumi, na kijijini hapakuwa na jani moja la mwarobaini. Njaa ikazika watu saba. Wawili kati yao walikuwa pacha, wajukuu wa Chiwanga, ambao hata kutembea walikuwa hawajajua. Binti wa Sechelela alipona, mifupa mitupu. Pale kaburini kwa pacha ndipo Ndahani alipoanguka magotini, akasema yote.

Sasa sikilizeni desturi ya Chinyika. Siku ya kupanda, mbegu za kijiji huwekwa kwenye ungo mmoja, na kila mkono huchota, hata wa mgeni anayetaka kulima nao. Njaa ikiua watu, mkono ulioileta hauingii kwenye ungo. Ni mkono mmoja tu, maana wanasema lawama ikigawiwa wote hakuna anayeibeba. Asiyechota hapandi, na asiyepanda anahama.

Aliyeshika ungo mwaka ule alikuwa mama wa pacha. Wanne wakasimama mbele yake, Eliamani naye akiwemo, maana alikuwa amerudi akitaka kulima nao ili arudie kipimo.

Ndahani akasema, "Niliona mtoto wa kaka yangu anakufa. Dawa ni ya mama yangu, nilijua inafanya kazi. Nilidhani kipimo ni cha mgeni tu."

Sechelela akasema, "Nilitoa shamba langu, sikutoa mtoto wangu. Ningesema shamba limetiwa dawa, mngeniachia mavuno yale?"

Eliamani akasema, "Nilihesabu mabua mia nne. Sikuuliza mwenye shamba amekula nini. Nilipaswa kungoja mwaka wa pili, nikaharakisha kutoa majibu. Lakini visiki vya mwarobaini vinachipua. Mkinifukuza, nani atarudia kipimo? Vile vijiji vingine vimesikia dawa haina kazi, navyo vinakata miti."

Chiwanga akasema wa mwisho. "Kapu la tatu nililibeba mimi mwenyewe. Nikafika nusu ya njia, nikarudi. Mke wa mwanangu alikuwa ametoka kujifungua pacha, maziwa hayatoki. Nikampa yeye. Na la nne. Na la tano."

Watu wote wakageuka kumtazama mama wa pacha. Alikuwa hajui. Alikula akidhani ni mtama wa ghala lao. Matone ya kwanza ya mvua yakadondoka juu ya mbegu. Zikilowa zitaharibika, na nyingine hakuna.

Basi nanyi msikwepe, wala msiniambie ni wote. Mvua imeanza, mama amewashikia ungo, mtazameni usoni mnijibu. Je, ni mkono wa nani uliostahili kuzuiwa?