Sinia la Bwana Jeilani

Hapo zamani, katika mji wa Tamuki uliozungushiwa ukuta wa mawe wenye malango mawili, aliishi fundi wa kuwamba vitanda jina lake Chande. Alikuwa fukara wa kutupwa, mali yake yote ni kigingi cha kukazia kamba na ulimi usiojua kutulia. Watu walimdhani punguani kidogo, maana ukimwambia "ningoje hapa," angekungoja papo hapo hata jua lichwe. Lakini vitanda vyake havikulegea, kwa hiyo walimvumilia.

Basi mwaka mmoja Amiri wa Ngome alifariki, na habari zikafika kwamba watu wa milimani wananoa mikuki, wanasubiri tu mtama uive ndipo washuke. Sultani Badawi akaona hatari kukaa bila amiri, akamteua Bwana Jeilani.

Huyu Bwana Jeilani alikuwa mtu wa kanzu za darizi na ndevu za hina, naye ndiye aliyekuwa akimchangamsha Sultani kila alasiri kwa kahawa na visa vya vita. Akisimulia, wallahi ungesikia farasi wakikoroma. Maadui aliowaangusha aliwataja kwa majina yao na majina ya mama zao. Vita vyenyewe vilipiganwa wapi, na nani mwingine alikuwapo, hakuna aliyeuliza. Nani ataharibu hadithi tamu kwa maswali?

Ilikuwa desturi ya Tamuki mteuliwa asimamishwe barazani Ijumaa tatu, na kila Ijumaa mpiga mbiu aulize, "Mwenye neno juu ya mtu huyu aseme." Atakayesema asipolithibitisha neno lake kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, hutolewa mjini na kile awezacho kubeba kichwani. Ndiyo maana sokoni watu walinong'ona wiki nzima, wakatikisa vichwa, wakaguna, lakini Ijumaa ya kwanza ilipofika wakakohoa tu, na ya pili wakakohoa vilevile.

Ijumaa ya tatu Chande akasimama. "Mimi ninalo."

Baraza zima likageuka. Sultani akasema, "Haya, fundi, tupe hilo neno lako."

"Bwana wangu, huyu ni mwoga. Juzi nilikuwa nawamba kitanda nyumbani kwake, kuku akaingia dirishani. Bwana Jeilani akarukia kitanda ambacho hakijafika nusu, mguu ukapenya kwenye kamba, nikachukua muda mrefu kumnasua, naye ananiuliza, 'Amekwenda? Amekwenda?'"

Watu wakacheka, na Bwana Jeilani akacheka kuliko wote. "Jamani, mimi niliyelala mwezi mzima baina ya simba, leo nivunjiwe heshima kwa kuku!"

Sultani hakucheka, kwani uteuzi ule ulikuwa wake. Akasema, "Kuku hawi shahidi mbele yangu. Sikiliza, Chande. Kesho kabla ya adhuhuri uniletee woga wa Bwana Jeilani ndani ya sinia, niuone kwa macho yangu mawili. Usipouleta, jitwike kitanda chako utoke mjini mwangu."

"Nimesikia, bwana wangu. Ndani ya sinia," akajibu Chande, kama mtu aliyetumwa vitunguu.

Lakini alipofika nyumbani akaketi kizingitini. Aliogopa, tena sana. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta kando ya lango la chini, na watu wa milimani wakiingia, mkuki wa kwanza ungepita chumbani kwake. Angenyamaza, lango lingekuwa mikononi mwa mwoga. Akishindwa, yeye hana lango wala kibanda. Akajilaumu kwa ulimi wake, kisha akaona haya kujilaumu, maana alichosema kilikuwa kweli.

Asubuhi akapita jikoni kwa Sultani, na kwa kuwa hakuwa na sinia wala kawa la kulifunikia, akachukua vya mle ndani bila kumuaga mtu. Akaingia barazani akilibeba lile sinia kwa mikono iliyonyooshwa mbele, kichwa amekiegemeza nyuma, akinyata. Akaliweka chini taratibu mbele ya Sultani, kawa likiwa juu yake, kisha akarudi hatua tatu.

"Umeleta?" akauliza Sultani.

"Nimeleta, bwana wangu. Ila si adabu mimi kufunua mali ya mtu. Mwenyewe yupo, na afunue."

Ikawa Bwana Jeilani akainuka, akakunja mkono wa kanzu, akanyoosha vidole. Vilipokaribia kawa vikasita.

"Mna nini humu?"

"Kile alichoagiza Sultani, bwana."

"Kina uhai?"

"Wapo watu wanaoishi nacho maisha yao yote."

"Kinauma?"

"Jeraha lake sijaliona. Lakini nimesikia kiliwahi kumaliza jeshi zima kwa siku moja."

"Umekitoa wapi?"

"Hukaa majumbani. Hata kwako nilikiona, karibu na kitanda."

Mkono ukarudi upesi ndani ya kanzu. Sultani akasema, "Funua, Amiri!" Bwana Jeilani akakumbuka kwamba mkono ule una jeraha la zamani, akarudi hatua. Akaambiwa atumie wa kushoto, akasema si adabu mbele ya Sultani, akarudi hatua nyingine. Kisha akasema kufunua masinia ni kazi ya watumishi, kisha kwamba siku yenyewe ina mkosi, na kila udhuru ulikuja na hatua yake, hata akafika kwenye pazia la mlango, akajiviringisha nalo kama bibi arusi.

Pale pale pazia likasukumwa, akaingia Bi Rukia, mpishi, amekasirika, unga mpaka viwiko.

"Wee Chande! Kawa langu umelipeleka wapi? Wali unapoa!" Akaliona, akaliendea, akalinyakua, akaanza kuondoka. Barazani watu walikuwa wameziba nyuso, wakidhani kitaruka.

Sinia lilikuwa tupu, linang'aa.

"Hamna kitu!" akasema Sultani.

"Sasa hamna, bwana wangu," akasema Chande. "Ulitaka kuuona kwa macho yako. Haukukubali kukaa chini ya kawa, ukatoka, ukaenda pale mlangoni."

Watu wote wakatazama pazia, na pazia likatetemeka.

Sultani akafungua kinywa akemee, ndipo akatambua kwamba yeye mwenyewe amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti. Akaishusha polepole. Tena akaona jambo jingine: baina ya kiti chake na sinia alisimama mzee Shomari, mlinzi wa lango la chini, mkono kwenye ala ya jambia, jasho likimtiririka shingoni. Hakuna aliyemwita pale.

"Shomari, wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana, bwana wangu. Hata sasa moyo haujatulia. Lakini ulikuwa nyuma yangu."

Sultani akaona haya, kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu hata kilemba kikaenda upande. Siku ile ile akampa Shomari funguo za ngome. Chande akaulizwa atake atakacho, akaomba sinia, maana kwake hamna. Bi Rukia akasema kawa halitoki jikoni.

Mtama ulipoiva watu wa milimani walishuka kweli, wakakuta malango yamefungwa na Shomari yuko juu ya ukuta hajalala siku tatu, wakageuka. Bwana Jeilani naye hakufukuzwa. Alirudishiwa kikombe chake cha kahawa, na haukupita mwezi akawa anasimulia jinsi alivyokabiliana na chatu ndani ya sinia, na Sultani akamwacha, maana alisimulia vizuri. Kila alasiri chatu yule alirefuka kidogo. Siku moja wageni wakamuuliza Chande, aliyekuwa akikaza kamba za kitanda hapo barazani, kama kisa kile ni kweli.

"Mimi nilikuwa karibu mno na sinia, sikuona chatu," akasema, asiinue kichwa. "Mwulizeni yeye. Wa mlangoni ndiye aliyeona vizuri."