Mifarishi ya Bibi Sikuzani Isiyofungwa Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mmelala na njaa? Paukwaaa!

Pakawaaa!

Eeh, hapo sawa. Hiyo hata mbuzi wa jirani kaitika.

Hapo zamani za kale, babu yangu bado ananyonya, na mimi nilikuwepo. Msiniulize vipi. Shule niliacha kabla hatujafika hapo. Kulikuwa na kijiji juu mlimani, na baridi yake, jamani! Ukitema mate, yakifika chini yanagonga: ko! Ukiwasha moto, moto wenyewe unakusogelea ukuote wewe. Unacheka, Shomvi? Wewe na hako kafulana kako ungekufa kabla ya kusalimia.

Watu wa huko walijifunika mfarishi. Unachukua vipande vya nguo kuukuu, unaviunga, unapata mfuko mpana. Unaujaza pamba. Halafu unaufunga mdomo. Na vipande sharti vitoke kwenye nguo za watu wako: kanga ya mama, kanzu ya babu. Ukilala, umelala na ukoo mzima. Nguo ya mtu baki haiingii. Mwiko!

Fundi alikuwa mmoja tu, Bibi Sikuzani. Mwanamke yule alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anakimbiza kuku, kwenye mvua, na macho kafumba! Chwi, chwi, chwi! Sindano inaingia. Chwi, chwi, chwi! Sindano inatoka.

Ila alikuwa na dosari. Hamalizi.

Anashona huu, anauweka. Anashika ule, anauweka. Baraza yake ilijaa mifarishi nusunusu mpaka darini. Paka wake alipanda lile lundo kigori, akashuka na wajukuu.

Ukimuuliza, "Bibi, umekwisha?" anajibu nini?

"Bado mshono mmoja!"

Semeni na nyinyi.

Bado mshono mmoja!

Jumbe Mwinyikondo, mkubwa wa kijiji, anakuja na tumbo lake mbele. "Sikuzani, mfarishi wangu?"

"Bado mshono mmoja, Jumbe."

"Mshono gani huo, unazunguka dunia?"

"Si wewe unayesema niongeze kila ukija?"

"Ongeza tena! Jumbe wa kijiji cha pili ana mkubwa kuliko huu."

Basi anaongeza. Mfarishi wa Jumbe ulikuwa mkubwa, kuku alitagia katikati, vifaranga wakaanza kutafuta ukingo, wakafika majogoo. Na ulimeza pamba yote ya kijiji. Yote! Hata ya kuziba masikio haikubaki.

Anakuja Babu Kirobo, mjane, kafiwa na mkewe Mwanahawa. Mfarishi wake umeshonwa kwa kanga za marehemu. "Mwenzangu, umekwisha?"

"Bado mshono mmoja."

Anakuja Tunu, ana mimba, tumbo linatangulia mlangoni. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na baridi hata arobaini hajafika. "Bibi, umekwisha?"

"Bado mshono mmoja, mjukuu wangu."

Kisimani wanawake wanamsema, hawana huruma. "Bibi Sikuzani akianza kupiga chafya, anaimalizia mwakani!" Kwa, kwa, kwa! Wanacheka.

Yeye mwenyewe anacheka nao. "Mimi mvivu, wanangu. Mvivu tangu tumboni."

Sasa sogeeni. Hawa wa kisimani hawakujua, mimi nilijua, maana nilichungulia. Watu wakishaondoka barazani, Babu Kirobo hubaki. Anainama, anasema polepole, "Usiumalize, Sikuzani. Siku ukiisha, na kanga zake zimekwisha. Nitakuja hapa kufanya nini?"

Na Tunu naye hubaki. "Bibi, usiufunge. Ule wa kwanza ulikuwa tayari kabla mtoto hajafika, na mtoto hakukaa. Naogopa."

"Na watu wakiuliza?"

"Sijui, Bibi."

"Basi waambie mvivu ni mimi."

Chwi, chwi, chwi. Anashona mshono, akifika mdomoni anauweka. Anashika mwingine.

Ukafika msimu wa ukungu. Mchana mmoja, Tunu yuko kwa Bibi, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mtoto akatoka, wa kike, kadogo kama kidole gumba changu, na kidole changu mnakijua. Halii. Midomo imeingia weusi. Mkunga anamsugua, wapi!

"Bibi! Mfarishi!" Tunu analia.

Bibi Sikuzani kauchomoa kwenye lundo. Mdomo wazi. Ndani mtupu, hata uzi wa pamba hamna.

Wanawake wakapiga kelele. "Si tulisema! Uvivu wake utaua mtoto!"

Bibi akamgeukia Jumbe, yuko barazani amekalia mali yake. "Jumbe, pamba."

"Yangu? Pamba ya Jumbe?"

Kabla hajamaliza kujivuna, Babu Kirobo huyo, ule mfarishi wa kanga kaukumbatia. "Chukua huu umfunike."

"Kirobo," akasema Bibi, "hizo ni nguo za mkeo. Na mtoto si wenu."

"Mwanahawa hakujaliwa kupakata mtoto," mzee akasema. "Leo mwache apakate."

Hata ukungu ulisimama.

Jumbe akatazama chini. Akainuka. Akashika mfarishi wake kwa mikono miwili: chanika! Pwaaa! Pamba ilivyotoka, watu wa bondeni walidhani mawingu yameanguka.

Wakaipasha moto ile pamba kwenye mawe ya jikoni. Bibi akaijaza kwenye mfuko wa Tunu. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi, mtoto hakufunikwa, aliingizwa! Ndani kabisa, katikati ya pamba ya moto, kichwa tu nje. Mikono ya mama ikaingia kwa mdomo uleule. Juu yake, kanga za Mwanahawa.

Wakangoja.

Kimya.

Wakangoja.

Kimya.

Halafu... chya! Chafya! Tena kamili, mtoto kaianza na kuimaliza mwenyewe! Na nyuma yake: ngaaa! Ngaaa! Kilio hicho kilipasua vyungu kijiji cha pili, yule jumbe mwenzie akatoka mbio.

Mwanamke mmoja wa kisimani akasema taratibu, "Ungekuwa umefungwa, tungemwingiza wapi?"

"Msinisifu," akasema Bibi. "Mimi mvivu."

Babu Kirobo akatoa siri hapohapo, mbele ya watu. "Si mvivu. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Na mimi," akasema Tunu.

Mtoto akakua. Siku aliposimama na kutembea, akaenda moja kwa moja kwenye baraza ya Bibi, akaangukia lundo. Bibi akamwita Tunu, akampa sindano. "Sasa funga mwenyewe." Babu Kirobo akaomba sindano hiyohiyo, akafunga na wake. Kesho yake akaja barazani vilevile. Alikuja kumwona mtoto.

Jumbe? Mfarishi wake ulibaki na tundu. Alilala miguu nje mpaka uzee, akisema ndiyo mtindo.

Bibi Sikuzani alishaondoka duniani. Lakini mpaka leo, kule mlimani, mfarishi wa mtoto haufungwi mdomo mpaka mwenyewe atembee. Mgeni akiuliza mbona haujaisha, kijiji kizima kinajibu nini?

Bado mshono mmoja!

Basi, wasikilizaji wangu, ukimkuta mtu ana kazi nusunusu zimemzunguka, usikimbilie kumcheka. Uliza kwanza anamsubiri nani.

Na hadithi yangu hii naifunga mdomo hapahapa. Mnaona? Mimi namaliza!