Jembe la Siku ya Tatu

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.”

Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, mkanuna. Nimewaona. Huyu kaacha uji nusu bakuli, yule kaanza kukunja nguo zake kana kwamba basi la kurudi mjini limeshapiga honi. Mnadhani mmefukuzwa kwa maneno mazuri. Wala si nyinyi tu. Siku hizi hata watu wazima huisema methali hii huku wamekunja uso, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango. Haya, kaeni. Wengine wana masimulizi yao, na sisi wa ukoo huu tuna yetu, wala hatubadilishani na mtu. Kwetu sisi methali hii ilianza hivi.

Zamani, wakati mipaka ya nchi ilikuwa mito na lugha za watu, palikuwa na mwanamke wa Kinyamwezi aliyeitwa Kalunde. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na kiburi. Nasema kiburi, wala silimung’unyi neno. Hakikuwa kile cha kudharau watu, ila kile cha mtu asiyekubali kudharauliwa. Mumewe, Mhoja, alikuwa mcheshi na mpenda ngano, mtu ambaye akikaribishwa mahali akapewa kigoda na kibuyu cha pombe, husahau njia ya kwao. Mungu huwakutanisha watu wa namna hiyo kwa makusudi. Walikuwa na binti mmoja, Nyanzala, na huyo Nyanzala ndiye aliyeyaona haya yote na kumsimulia bibi yangu.

Mhoja alikuwa na dada yake, Milembe, aliyeolewa mbali sana, Urundi. Mwaka ule zikaja habari kwamba Milembe amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kwamba wakwe zake wanaulizana: “Huyu mke wetu hana watu? Mbona hatuwaoni?” Kalunde alipoyasikia hayo hakula siku ile. Alijua maana yake. Mwanamke aliyeolewa ugenini hana ngao nyingine ila heshima ya watu wa kwao; wakionekana watu, naye huonekana mtu. Mavuno yalipoingia ghalani na kiangazi kikatanda, akamwambia mumewe, “Baba Nyanzala, funga mzigo. Tunakwenda kuonekana.”

Basi kiangazi kile chote kikawa cha njia. Walitembea wakipita nchi za watu, wakisikia lugha zikibadilika kidogo kidogo, salamu hii ikiisha na nyingine ikianza. Nyanzala alikuwa akizikusanya zile salamu kama mtoto anavyookota mbegu za kuchezea, na kila walipolala aliwaamkia wenyeji kwa ile aliyoiokota jana, wakacheka wakamfundisha yao.

Nchi ya kwanza kuwakalisha ilikuwa Uvinza, kwa wapika chumvi. Walipokewa vizuri mno. Walipewa samaki wa mtoni, walipewa ugali wa mtama, walipewa vigoda kivulini, na Mhoja akapata wasikilizaji. Alisimulia leo, akasimulia kesho, na keshokutwa akakumbuka ngano nyingine ndefu zaidi. Kalunde alipomwambia wakati wa kuondoka umefika, alijibu, “Mama Nyanzala, hujui? Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Huyu mwenyeji wetu haponi,” Kalunde akamwambia. “Naona anaanza kuugua.”

Alikuwa ameona mboga ikipungua sufuriani na tabasamu likipungua mlangoni. Hata hivyo hakujua ukubwa wa jambo mpaka siku aliyokwenda na Nyanzala penye chemchemi za maji ya chumvi. Moshi wa majiko ulikuwa mzito, na wanawake waliokuwa wakikoroga vyungu vyao hawakumwona akija. Mmoja wao alikuwa mkwe wa nyumba ile walimofikia.

“Wageni wako bado wapo?” aliulizwa.

“Wapo? Shoga, wamekuwa mafiga. Naviona hata vigoda vimechoka kukaliwa. Na nasikia wanakwenda Urundi kwa dada yao. Mwanamke wa watu, maskini! Anatembelewa na matumbo matatu.”

Wakacheka, na wachukuzi wa chumvi waliokuwa wakifunga mizigo yao kando nao wakacheka. Wachukuzi hao walikuwa wanaelekea Urundi kesho yake. Kalunde alielewa papo hapo kwamba chumvi itabebwa kichwani na habari zile zitabebwa mdomoni, na vyote viwili vitafika kwa wakwe wa Milembe kabla yake.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hakumgombeza yule mkwe, kwa kuwa moyoni alijua mwanamke yule hakusema uongo. Alirudi, akafunga mzigo, akawashukuru wenyeji kwa heshima zote, na alfajiri wakavushwa mto Malagarasi. Njiani Mhoja alipojaribu kuanza ngano, Nyanzala alimgusa mkono na kumtikisia kichwa.

Wakaingia Uha, nchi ya vilima na ya salamu ndefu za kupiga makofi. Kalunde alikuwa ameapa kutolala mahali popote zaidi ya siku mbili. Lakini wanasema la kuvunda halina ubani, na kama siku ni mbaya hata njia hukuchoma: Mhoja alikanyaga kisiki kilichochongoka, kikamwingia unyayoni, na kufikia jioni mguu ulikuwa umevimba, hawezi kuukanyagia. Mji uliokuwa karibu, boma dogo la nyumba na ua, ulikuwa wa mjane aitwaye Bukuru, ambaye wanawe walikwishahama kwenda kuanza miji yao. Bukuru aliwapokea kama aliyekuwa akiwangoja. Alimkanda Mhoja kwa majani ya moto, akawapa maziwa, akamlaza Nyanzala kwenye ngozi yake mwenyewe.

Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili Bukuru alishinda nao tena, akipika, akikanda mguu, akicheka vichekesho vya Mhoja. Kalunde aliponyanyua mtungi ili akateke maji, alinyang’anywa mkononi. Aliposhika ufagio, alinyang’anywa vilevile. Akabaki ameketi kwenye kigoda, mikono imekaa bure, akitazama huku na huku. Ndipo alipoliona jembe la Bukuru limeegemezwa ukutani karibu na mlango. Tope lililoshika bapa lake lilikuwa limekauka, limepasuka, linaanza kudondoka.

Kalunde alikuwa mkulima. Aliinua macho akatazama bondeni, akaona shamba lililolimwa upande mmoja tu, na upande wa pili majani yamesimama. Katika nchi zile kiangazi watu hulima mabondeni, ambako unyevu hukawia kwenda. Hukawia, lakini huenda. Kila siku ambayo Bukuru alikaa na wageni wake, ardhi ile ilikuwa ikigeuka tofali, na maharage ya mjane yule ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha kumvusha hadi mvua. Na desturi ilimkataza kuwaacha wageni peke yao ili aende shambani.

Kalunde akayaona yote mawili kwa pamoja: njaa ya Bukuru inayokuja, na habari ya pili inayokwenda Urundi kukutana na ya kwanza. Mguu wa mumewe ulikuwa bado umevimba. Kuondoka hakuwezi, kukaa hakutaki.

Alfajiri ya siku ya tatu, Bukuru alipofungua mlango alimkuta Kalunde amesimama uani, nguo ameifunga kibwebwe.

“Dada,” Kalunde akasema, “nipe jembe.”

Bukuru alidhani hakusikia vizuri. “Nikupe nini?”

“Jembe. Nikalime bondeni.”

“Toba! Mgeni hapewi jembe. Mgeni hupewa kigoda. Unataka watu wa kilima hiki wanitemee mate?”

“Kigoda umenipa, nimekikalia siku mbili, na nimekushukuru. Leo nipe jembe.”

“Dada, sikiliza,” Bukuru akasema, sasa akinong’ona kama wanaosikilizwa. “Hapa kwetu chuma hutoka mbali. Jembe la mtu ni mkono wake. Hapewi mtu baki. Hupewa ndugu.”

Kalunde akamtazama. Nyanzala, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alisema hakupata kumwona mama yake akitazama mtu hivyo, macho yamejaa maji na shingo imenyooka.

“Umemkanda mume wangu mguu,” Kalunde akasema. “Mwanangu amelala kwenye ngozi yako. Kama baada ya hayo bado mimi ni mtu baki, niambie, nimbebe mume wangu mgongoni tuondoke sasa hivi. Na kama mimi si mtu baki, jembe langu liko wapi?”

Bukuru alikwenda ukutani, akalichukua lile jembe, akakung’uta tope kavu kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe akatafuta ndani jembe kuukuu lililokuwa limelika likabaki dogo, wakashuka bondeni pamoja.

Jua lilipopanda, kilima kizima kilikuwa kinatazama. Si mnajua watu? Jirani mmoja aliita mwingine, wa pili akaita wa tatu, hata ukaja ujumbe mzima ukiongozwa na mzee Ntiruka, aliyekuwa mwamuzi wa mambo pale. Mzee alisimama ukingoni mwa shamba, uso umemkunjamana.

“Bukuru! Umepungukiwa na nini hata ukamtia mgeni jembe mkononi?”

Bukuru alijiinamia. Kalunde ndiye aliyenyooka, tope hadi magotini, akapiga makofi taratibu kama alivyowaona wenyeji wakisalimia, kisha akasema:

“Mzee, hakunitia mkononi. Nimelidai. Siku ya kwanza nilikuwa mgeni wake, akanipa maji. Siku ya pili nilikuwa mgeni wake, akanipa maziwa. Leo nikikaa tena kwenye kigoda, nitakuwa mzigo wake, na mimi sikuzaliwa mzigo. Kama mnapenda kuniheshimu, niheshimuni hivi. Mgeni mpeni siku mbili. Siku ya tatu mpeni jembe, awe mtu wa hapo.”

“Na mumeo?” mzee Ntiruka akauliza. “Naye ni mtu wa hapa?”

Wote wakageuka kutazama mjini kwa Bukuru. Mhoja alikuwa ameketi uani, mguu wake mbovu umewekwa juu ya gogo, anachonga mpini. Mbele yake palikuwa na mwingine aliokwishamaliza. Hakuna aliyemwagiza.

“Mguu ndio mgonjwa!” akapaza sauti. “Mikono ni mizima! Mwenye jembe linalolegea alilete, na ngano nitamwongezea bure!”

Hapo kilima kikaangua kicheko. Mzee Ntiruka naye kicheko kilimshinda, akavua vazi lake la begani, akaomba jembe kwa aliyekuwa karibu, akaingia shambani. Wengine wakafuata. Bonde la Bukuru likamalizika kulimwa kabla jua halijawa kali, na mbegu zikaingia ardhini ingali na unyevu wake.

Walikaa kwa Bukuru mpaka mguu ulipopona sawasawa, na hakuna aliyeuliza wataondoka lini. Siku walipoondoka, Bukuru aliwasindikiza mpaka kijito cha mbali, akarudi akilia.

Lakini msisahau kwamba wale wachukuzi wa chumvi walikuwa wametangulia. Kalunde hakusahau hata hatua moja. Walipofika Urundi, kwa wakwe wa Milembe, walipokewa kwa ngoma na vyakula, na Milembe akamwangukia wifi yake shingoni kwa furaha. Hata hivyo Kalunde aliona jinsi mawifi wa pale walivyotazamana. Milembe mwenyewe alimnong’oneza alipokuwa akimpa mtoto ampakate: “Wamenicheka, wifi. Walikuwa wakiniuliza kama ghala letu litatosha matumbo matatu.” Kalunde akambusu mtoto kichwani ili mtu asimwone uso.

Siku mbili walikirimiwa, na mama mkwe wa Milembe, mama mkubwa wa mji ule, hakusema neno la maana. Siku ya tatu Kalunde aliamka mapema, amekwishafunga kibwebwe, amejiandaa kuomba jembe. Alipotoka nje alikuta ua umejaa. Mawifi wapo, shemeji wapo, majirani wapo. Katikati alisimama yule mama mkubwa, ameshika jembe jipya, mpini wake umepakwa samli hadi unang’aa.

“Zilitufikia habari za kwanza kutoka kwenye chumvi,” mama akasema, akiwatazama mawifi mmoja mmoja mpaka wakatazama chini. “Kisha zikatufikia za pili kutoka kwenye kilima cha mjane. Mwanangu alipooa nilijiuliza, huyu binti katoka kwa watu gani? Sasa nimejua.” Akamgeukia Kalunde, akamnyooshea jembe kwa mikono miwili. “Siku zako mbili zimekwisha, mama. Leo hatuna mgeni hapa. Chukua jembe lako.”

Milembe alipiga kigelegele ambacho Nyanzala alisema kilisikika hadi ng’ambo ya bonde. Hakuna aliyemcheka tena Milembe katika mji ule, mpaka alipozeeka na kuitwa yeye mama mkubwa. Na Kalunde, kiangazi kilipokwisha, alirudi kwao na lile jembe begani. Hakumbebesha mtu mwingine. Alipita nalo Uha akamwonyesha Bukuru, alipita nalo Uvinza akaifanyia nalo kazi nyumba ile aliyoaibikia, akaingia nalo Unyamwezi shingo imenyooka.

Huyo ndiye Kalunde, na nyinyi mnaonuna hapa ni damu yake. Shangazi yenu hakuwafukuza. Juzi mlikuwa wageni, akawachinjia jogoo. Jana mlikuwa wageni, akawatandikia shuka jipya. Leo amewaita wanawe, nanyi mnakunja nguo! Majembe yako nyuma ya ghala. Lile la mpini mweusi, lililolika likabaki kama kiganja, msiliguse; hilo ni langu, na mwenye akili ameshajua liliingia Unyamwezi begani mwa nani.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.