Nukta Tatu za Mwana Zena

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa wino, pakawa mwanzi, pakawa mke, mume na nzi.

Hapo kale Mwana Zena alitunga tenzi, na mumewe, Mshamu, akawasomea rafiki zake watatu kila alasiri. Mwana Zena husikiliza nyuma ya pazia. Mshamu akiharakisha, sauti hutoka: "Polepole, bwana! Nani anakufukuza?" Rafiki hucheka, wakala halua. Nzi naye akala.

Mwana Zena akafa. Kando ya kalamu yake palikutwa karatasi yenye maneno mawili: "Nikifa, choma."

Mshamu akawasha seredani.

Siku ya kwanza rafiki wakabisha. "Hodi, Mshamu! Tusomee."

"Mwenyewe kasema choma." Akachoma utenzi wa kwanza.

Nzi akatua juu ya ile karatasi ya maneno mawili. "Zangu! Zangu! Zangu!" Mshamu akampunga.

Siku ya pili wakabisha. "Hodi, Mshamu! Tusomee."

"Mwenyewe kasema choma." Akachoma wa pili.

"Zangu! Zangu! Zangu!" Akampunga.

Siku ya tatu ukabaki utenzi mmoja. Rafiki wakabisha, wakaingia. Nzi akatua. Mshamu akainua mkono ampige. Rafiki yake Shekuwe akaudaka.

"Mwache aseme. Nini zako, wewe mla halua?"

"Nukta," akasema Nzi.

Zama hizo watu waliandika kwa herufi za Kiarabu, na "ch" iliandikwa kama "sh". "Soma" na "choma" zilitofautiana kwa nukta tatu tu, juu ya herufi ya kwanza.

Mshamu akaipeleka karatasi dirishani. Nukta za Mwana Zena zilikuwa na pembe, maana ncha ya kalamu ya mwanzi hukatwa mshazari. Hizi zilikuwa mviringo. Akazikwangua kwa ukucha. Zikatoka.

"Nikifa, soma."

"Ama kweli, Mshamu," akasema Shekuwe, "umetii mavi ya nzi."

Hakuna aliyecheka.

"Nimeunguza mbili," akasema Mshamu.

"Umeunguza karatasi." Shekuwe akaanza kughani utenzi wa kwanza. Alipokwama, mwenzake akapokea. Mshamu akaandika, wa kwanza na wa pili. Ubeti mmoja hakuna aliyeukumbuka. Akauachia nafasi yake.

Kisha akausoma ule wa tatu. Alisoma mbio. Akalitazama pazia. Akarudi mwanzo, akasoma polepole.

Ngano yangu naitua hapo. Ulichowasomea wenzako hakiungui chote. Nanyi mnaoandika, funikeni karatasi zenu; halua mwachieni Nzi, ameitolea jasho.