Nani Amekujibu?

Wapendwa, kulikuwa na ndugu wawili wachimba visima. Mdogo alikuwa akishuka chini na sururu, kamba kiunoni. Mkubwa alibaki juu kuvuta ndoo za udongo. Sasa, kisima kikishakuwa kirefu, hewa ya chini huwa nzito, na mtu anaweza kulegea pale pale bila hata kupiga kelele. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Wa juu anaita, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo!" Wa juu anasema, "Haya!" Kazi inaendelea. Jibu lisiposikika, kamba inavutwa, hakuna kuuliza tena.

Asubuhi moja mikono ya yule mkubwa ilikuwa kwenye kamba, lakini akili ilikuwa imerudi kwenye kikao cha harusi cha jana yake, ambako mjomba wake alimsema mbele za watu naye akakosa la kujibu. Ndiyo kwanza jibu linamjia! Akalipanga, akalipangua, akamwona mjomba amenywea kwenye kiti. Jibu tamu kweli.

Mnadhani alikuwa amesinzia? Hata kidogo. Wataalamu wanatuambia kwamba akili inapotangatanga, ubongo haupumziki. Unaacha kilicho mbele yako, unaanza kushughulika na wewe mwenyewe: yaliyokupata, yatakayokupata, ulivyoonewa. Na kazi iliyo mkononi unayaachia mazoea. Mazoea yanajua kuvuta kamba. Yanajua hata kuita.

Mke wa yule mdogo akafika na birika la uji. Akamsikia shemeji yake anaita, "Upo?"

Kimya.

Kisha akamsikia anasema, "Haya!"

Birika likamponyoka. "Shemeji! Nani amekujibu?"

Wakavuta wote wawili, yule mama analia na kumwita mumewe. Wakamtoa amelegea kama nguo mbichi, midomo imebadilika rangi. Wakampepea, wakamwita, na kwa rehema za Mungu akavuta pumzi. Kaka yake akapiga magoti. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua kama umenyamaza."

Yule mdogo akainua kichwa. "Kaka, mwanzoni sikunyamaza. Nilikwambia pumzi zinaniishia, nivute. Ukaniambia, 'Haya.'"

Ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kumhukumu mtu yule. Sisi wenyewe asubuhi hii tumeshikana mikono pale mlangoni. "Bwana asifiwe." "Amina." "Habari za nyumbani?" Je, uliyemuuliza alikujibu nini? Unakumbuka? Mimi naogopa, naogopa kweli, kwamba yumo mtu humu ndani aliyejibu, "Nyumbani si kwema," na mmoja wetu akamwambia, "Tumshukuru Mungu," akapita kutafuta nafasi ya kukaa. Mtu huyo bado yuko kisimani. Na tulikuwa na kamba yake mkononi.

Hata Mungu tunamwomba vivyo hivyo. Midomo inaita, sisi wenyewe tuko kwa mjomba, tunamalizia ugomvi wa jana.

Basi leo hatutaimba kwanza. Mgeukie aliye karibu nawe, umuulize hali yake. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.