Mchumi Shimoni

Wapendwa, hebu fumbeni macho kidogo. Nyinyi wa kule nyuma naona mmeshatangulia. Mwoneni bwana mmoja mnene, tai shingoni, amesimama ndani ya shimo la choo. Shimo jipya, halijaanza kutumika, msicheke.

Bwana huyo alikuwa mchumi mwenye shahada ya udaktari. Alifundisha chuo kikuu, akashauri mabenki, kisha moyo ukamgusa, akaacha yote ili aanzishe mashirika ya kusaidia watu: kwanza la maji, baadaye la nyuki, mwisho hili la vyoo. Mtu mwema kabisa. Kila kijiji alichofika aliendesha semina, na somo lake lilikuwa moja: msiguse jambo kabla ya kuunda kamati.

Siku hiyo alikuja kukagua shimo. Akawa anarudi kinyumenyume apate kulipiga picha vizuri, akatumbukia. Kuta zilikuwa ndefu kumpita, na mvua ndiyo kwanza inaanza kumdondokea upara.

Akaita. Wanakijiji wakaja mbio, wakachungulia, wakampa pole. Halafu wakaketi. Mzee mmoja akapendekezwa awe mwenyekiti, akakataa kwa adabu, akabembelezwa, akakubali. Ukazuka ubishi wa nani awe mweka hazina. Kule chini tope likafika magotini.

“Ndugu zangu, nitoeni kwanza,” akasihi.

“Vumilia, Daktari,” mwenyekiti akamjibu kwa upole. “Bado katibu tu. Wewe mwenyewe ulitukataza kukurupuka.”

Mngekuwa nyinyi mngesema nini?

Ndipo akapita bibi mmoja anayetoka kuchanja kuni. Akachungulia, akatua mzigo, akafungua kamba yake na kuitupa shimoni. Akawaambia wanakamati wavute. Wakavuta, Daktari akang'oka kama muhogo.

“Asante, mama,” akasema, bado anahema. “Wewe ni wa shirika gani?”

“Shirika? Mimi nilikuwa napita tu, mwanangu.”

Wapendwa, sizilaumu kamati. Hata hapa kanisani tunazo, na nyingine sijui zinafanya nini. Lakini jirani akiugua, si sisi tunaosema, “Jumuiya itakwenda kumwona”? Na jumuiya ni nani, kama si mimi na wewe tuliokaa nyumbani?

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: ukipita ukamwona aliye shimoni, umeshachaguliwa.